UFUNGUO MMOJA ULIPOPOTEA, NYUMBA NZIMA ILITIKISIKA

Na Mwandishi Wetu

ILIKUWA Jumamosi asubuhi, na bibi alikuwa tayari. Alikuwa amejifunga kanga mpya, ameketi barazani na cheti chake cha hospitali mkononi, akimngoja mwanawe ampeleke kuonana na daktari wa macho. Miadi ilikuwa saa tatu. Ilipotimia saa mbili na nusu, mwanawe, mwalimu wa shule ya sekondari anayeishi Tabata, Dar es Salaam, alinyoosha mkono kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa sebule, mahali ambapo ufunguo wa gari hutundikwa kila siku. Msumari ulikuwa mtupu.

"Nani amechukua ufunguo wa gari?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa ameuchukua. Mkewe alimkumbusha kwamba jana yake jioni aliingia akiwa na mifuko ya sokoni mikono yote miwili, na huenda aliuweka mezani. Mezani haukuwapo. Mito ya makochi iliinuliwa, mifuko ya suruali ikapinduliwa, pipa la taka likamwagwa uani. Saa tatu ikapita. Bibi, bila kusema neno, akapanda bajaji pamoja na mjukuu wake mkubwa, akaenda zake hospitali.

Ilipofika adhuhuri, macho ya wakubwa wa nyumba yalikuwa yameanza kumwelekea mtu mmoja. Alikuwa dada wa kazi, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa amekaa na familia hiyo kwa miaka miwili. Yeye ndiye aliyefagia sebule asubuhi ile. Aliulizwa mara ya kwanza kwa upole. Aliulizwa mara ya pili kwa ukali. Mara ya tatu begi lake la nguo lilimwagwa sakafuni, mbele ya watoto aliokuwa akiwalea.

"Baba, sijauona. Ningeuona ningekupa," alisema, wala hakuongeza neno.

Mwalimu huyo alikubali niyasimulie haya kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. "Andika," aliniambia, "ili mwingine asifanye niliyoyafanya mimi."

SIKU TISA ZA KUHANGAIKA

Gari lenyewe lilikuwa dogo, nalo alilinunua kwa mtu aliyekuwa akilitumia kabla yake. Siku ya makabidhiano alipewa kadi ya gari na ufunguo mmoja. Furaha ya kupata gari ilikuwa kubwa, hata haikumjia kuuliza ufunguo wa pili uko wapi.

Jumapili alileta fundi wa kuchonga funguo. Fundi alifungua kitasa cha mlango, akapima, akapiga tupa kwa saa nzima, akatoa ufunguo mpya wa chuma unaong'aa. Ufunguo ulifungua mlango. Uliingia kwenye swichi bila taabu. Usukani ukaachia, taa za dashibodi zikawaka, stata ikazunguka kwa nguvu zake zote. Injini haikushika.

Jumatatu fundi wa kwanza alisema ni betri, ingawa stata ilikuwa ikizunguka vizuri. Betri ikatolewa na kupelekwa kuchajiwa. Jumanne fundi wa pili alisema ni pampu ya petroli. Pampu ikanunuliwa, tena iliyokwisha kutumika. Jumatano vijana wa mtaani walilisukuma gari hadi kona ya duka na kulirudisha, nao wakadai chao. Ijumaa fundi wa tatu alifungua kifuniko kilicho chini ya usukani, akakata nyaya mbili na kuziunganisha moja kwa moja, kama ilivyozoeleka kwa magari ya zamani. Stata ilizunguka tena. Injini haikushika tena.

Siku zote hizo, taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi ilikuwa ikimetameta. Hakuna aliyeijali.

Na Alhamisi, katikati ya hekaheka hizo, yule dada alifunga begi lake. Hakufukuzwa kwa maneno. Lakini kwa siku tano hakuna mtu mzima aliyemtuma dukani wala kumwachia fedha ya matumizi, naye alielewa. Alikwenda kwa shangazi yake Mbagala.

Siku ya tisa ndipo alipoletwa fundi umeme wa magari, mtu mzima, asiye na maneno mengi. Hakugusa chombo chochote. Aliuliza swali moja tu:

"Mwalimu, ule ufunguo wako wa awali ulikuwa na kichwa cha plastiki, au ulikuwa chuma kitupu?"

"Cha plastiki. Kinene."

"Basi gari lako ni zima," alisema fundi. "Halikutambui tu."

GARI LINAULIZA "NANI?"

Msomaji aliyezoea magari ya zamani atashangaa. Kwa miaka mingi, ufunguo wa gari ulikuwa kipande cha chuma chenye meno. Meno yakilingana na kufuli, gari linawaka. Aliyejua kuunganisha nyaya hakuhitaji hata hayo meno. Leo, katika magari mengi, chuma ni nusu ya ufunguo. Nusu ya pili imefichwa ndani ya kile kichwa cha plastiki, nayo ni chipu ndogo sana, mara nyingine ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo wataalamu huiita transponda. Chombo kizima kinachofanya kazi pamoja na chipu hiyo ni kizuizi cha injini, na mafundi wetu hukiita imobilaiza.

Kazi yake si ngumu kuielewa. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya waya mwembamba iliyofunikwa kwa plastiki. Mwenye gari anapozungusha ufunguo, koili hiyo hutoa mawimbi ya redio yenye masafa ya chini, kwa kawaida karibu kilohezi 125. Mawimbi hayo hufika sentimita chache tu. Chipu iliyo ndani ya ufunguo huyapokea, hupata humo humo nguvu ya umeme inayoihitaji, kisha hujibu kwa namba yake ya siri. Namba hupelekwa kwenye kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Ikiwa namba hiyo imo katika kumbukumbu, kompyuta huruhusu petroli na cheche. Ikiwa haimo, hairuhusu. Katika baadhi ya magari stata huzunguka bila injini kushika. Katika mengine injini huwaka kwa sekunde moja au mbili na kuzima. Na yako magari ambayo hata stata haizunguki.

Mfano wake ni hodi ya usiku. Mtu akigonga mlango saa sita za usiku, aliye ndani huuliza, "Nani?" Akijibiwa "Ni mimi," hafungui mpaka aitambue sauti. Chipu za kwanza zilikuwa zikijibu kwa jina lile lile kila siku, na mwizi aliyelisikia aliweza kuliiga. Kwa hiyo watengenezaji walibuni chipu zenye akili zaidi. Siku hizi gari hutoa swali jipya kila mara, na ufunguo hulifanyia hesabu ya siri na kutoa jibu la swali hilo tu. Jibu la jana halifai leo.

Sasa tunaweza kuona kwa nini fedha za mwalimu wetu zilipotea bure. Ufunguo wa kuchonga ulikuwa na meno sahihi, lakini haukuwa na sauti. Betri haikuwa na kosa, wala pampu. Kusukuma gari kusingeweza kusaidia, kwa kuwa kilichonyimwa hapo ni petroli na cheche. Na kukata nyaya kulimwongezea hasara ya kuzirudisha.

Jambo moja zaidi linawachanganya wengi. Ile betri ndogo ya mviringo iliyo ndani ya ufunguo wenye vitufe ni ya rimoti, yaani ya kufunga na kufungua milango kutoka mbali. Katika ufunguo wa kuzungusha, chipu ya kuwashia injini haihitaji betri. Ndiyo sababu ufunguo uliofuliwa pamoja na suruali unaweza kushindwa kufungua mlango kwa rimoti na bado ukawasha gari. Usiutupe kabla ya kuujaribu.

ULIKOTOKA ULINZI HUU

Mwaka 1986 kampuni ya General Motors ya Marekani iliweka katika gari lake la Corvette ufunguo wenye kidonge kidogo cha kupima ukinzani wa umeme. Kulikuwa na aina 15 tu za vidonge hivyo, na gari lilikubali aina moja. Ulikuwa ulinzi mdogo kwa vipimo vya leo, lakini ulionyesha njia.

Katika miaka ya 1990, chipu za redio ziliingia Ulaya. Ujerumani iliufanya ulinzi huo kuwa wa lazima kwa magari mapya kuanzia Januari 1, 1998, na Uingereza ikafuata Oktoba mwaka huo huo, kutokana na agizo la Ulaya la mwaka 1995. Australia iliufanya wa lazima mwaka 2001, na Kanada mwaka 2007.

Je, umefaa? Wachumi wawili wa Uholanzi, van Ours na Vollaard, walichunguza wizi wa magari nchini mwao kati ya mwaka 1995 na 2008. Walikadiria kwamba kizuizi cha injini kilipunguza wizi wa magari kwa wastani wa asilimia 40 hivi. Ushahidi mwingine ulitoka Marekani, tena kwa njia ya uchungu. Huko sheria haikulazimisha kizuizi hicho, na magari mengi ya Kia na Hyundai yaliyotengenezwa kati ya mwaka 2011 na 2021, yale ya kuwashwa kwa ufunguo wa kuzungusha, yaliuzwa bila kuwekewa. Tangu mwaka 2021 vijana walianza kuonyeshana katika video namna ya kuyawasha kwa kichwa cha waya wa kuchajia simu. Wizi uliongezeka mno, hata mwezi Februari 2023 kampuni hizo zikatangaza marekebisho ya programu kwa magari yapatayo milioni 8.3.

Hapa kwetu magari mengi madogo huja yakiwa yamekwisha kutumika Japani. Msomaji asidhani kwamba kila gari la huko lina kizuizi. Mengi yaliyouzwa kwa Wajapani wenyewe yalitoka kiwandani bila hicho. Ndiyo maana majirani wawili wenye magari ya jina moja na rangi moja wanaweza kupoteza funguo siku moja, huyu akachongesha wake barabarani na kuendelea na safari, na yule akakwama kwa juma zima.

UTAJUAJE LAKO LIKO UPANDE GANI?

Fanya uchunguzi huu leo, wakati ufunguo ungali mkononi.

Tazama dashibodi. Magari mengi yenye kizuizi yana taa ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye alama ya ufunguo au ya gari na kufuli. Gari likiwa limezimwa, taa hiyo humetameta polepole. Ukiingiza ufunguo wa kweli, huzima. Ikiendelea kumetameta baada ya kufungua swichi, gari linakuambia kwamba halijaitambua chipu.

Tazama ufunguo. Kichwa kinene cha plastiki ni dalili, ingawa si uthibitisho. Katika baadhi ya funguo za Toyota, herufi G au H iliyogongwa kwenye chuma huonyesha aina ya chipu iliyomo. Tafuta pia kibati kidogo chenye namba, ambacho huja pamoja na funguo mpya. Namba hiyo humwezesha fundi kuchonga meno bila kuvunja kitasa. Inakili mahali salama nyumbani. Usikiache kibati kikining'inia pamoja na ufunguo wenyewe.

Kama bado huna hakika, muulize fundi umeme wa magari. Akiwa na kompyuta ya kupimia, atajua kwa dakika chache, na katika magari mengi ataweza kukuambia pia ni funguo ngapi zimeandikishwa. Hesabu hiyo ina maana kubwa. Ukiambiwa ziko tatu nawe una moja, ujue kuna watu wawili mahali fulani wenye uwezo wa kuliwasha gari lako.

UKIPOTEA, FANYA HAYA

Kwanza, tulia na utafute kwa mpango. Anzia mahali ulipoutumia mara ya mwisho, ukarudie njia yako hatua kwa hatua. Tazama ndani ya gari kupitia kioo. Pekua mahali pa chini ambapo mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea anaweza kufika: ndani ya viatu, ndoo, sufuria, mikoba. Kwa mtoto mdogo, ufunguo ni kitu kizuri kuliko midoli yote, maana ameona jinsi wakubwa wanavyoupenda.

Pili, usimruhusu mtu kuvunja kufuli la usukani wala kukata waya kabla hujajua kama gari lina kizuizi. Kama ulipotelea barabarani, katika soko au ndani ya daladala, na pamoja nao kulikuwa na kitu chenye anwani yako au namba ya gari, usiliache gari mahali linapojulikana. Likokotwe na breki-dauni hadi mahali penye ulinzi.

Tatu, toa taarifa ya upotevu polisi. Itakusaidia mbele ya kampuni ya bima ikiwa gari litaibwa baadaye, na itamwonyesha fundi kwamba wewe si mwizi. Wenye bima kubwa na wasome mkataba wao, kwani masharti kuhusu funguo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Nne, nenda kwa fundi aliye na mahali pa kazi panapojulikana, ukiwa na kadi ya gari, kitambulisho na namba ya chasi. Fundi mwaminifu atakudai vitu hivyo. Asiyeuliza chochote, ambaye yuko tayari kumtengenezea ufunguo yeyote anayekuja na fedha, atamtengenezea na mwizi.

Tano, elewa kazi itakayofanyika. Ziko mbili. Ya kwanza ni kuchonga meno. Ya pili ni kuiandikisha chipu mpya katika kompyuta ya gari, kwa kuchomeka chombo cha fundi kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi. Ikiwa bado una ufunguo mmoja uliokwisha kuandikishwa, kazi ya pili mara nyingi ni nyepesi, na kuna magari yanayoutumia ufunguo huo kumtambulisha mgeni. Zikiwa zimepotea zote, mambo hubadilika. Baadhi ya magari hudai namba ya siri ya mtengenezaji. Baadhi ya Fiat za miaka ya 1990 zilikuja na ufunguo mkuu wenye kichwa chekundu, na aliyeupoteza huo aliingia gharama kubwa. Baadhi ya Ford hulazimisha chombo cha fundi kungoja kama dakika 10 kabla ya kukubali kazi, na baadhi ya Toyota za kuwashwa kwa kitufe hungoja dakika 16. Kungoja huko kumewekwa makusudi, kwa sababu mwizi hana subira. Na yako magari ambayo kontroli boksi lake hulazimika kufunguliwa ili kumbukumbu isomwe moja kwa moja.

Sita, na hili wengi hulisahau: mwambie fundi afute kumbukumbu ya ufunguo uliopotea. Ufunguo uliofutwa unaweza kufungua mlango kwa meno yake, lakini hautawasha injini. Usipoufuta, aliyeuokota bado ni mwenye gari pamoja nawe.

WA KITUFE NAO WANA YAO

Magari ya siku hizi yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe yana ufunguo usioingia popote. Wenye magari hayo hushtuka siku betri ya ufunguo inapokwisha, wakadhani ufunguo umekufa. Haujafa. Ndani ya mwili wake mna kijiti cha chuma kilichofichwa. Kichomoe ufungue mlango nacho. Kisha, kwa Toyota nyingi na magari mengine, kanyaga breki, ugusishe ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, halafu ubonyeze. Chipu ya ndani itasomwa kwa ukaribu huo hata bila betri. Kitabu cha gari hueleza mahali pa kuugusisha kwa kila aina.

Funguo hizo zina udhaifu wao. Wezi wawili wenye vyombo vya kukuza mawimbi, mmoja akisimama karibu na mlango wa nyumba na mwingine karibu na gari, wanaweza kulifanya gari liamini kwamba mwenyewe yupo. Dawa ya nyumbani ni rahisi: usiuweke ufunguo karibu na mlango wala dirisha, na usiku uuhifadhi ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana.

Hata chipu za kawaida si ngome isiyovunjika. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na maabara ya RSA walionyesha namna ya kuvunja siri ya chipu moja iliyokuwa ikitumika katika mamilioni ya funguo. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza iliwazuia watafiti wengine wasitangaze udhaifu wa chipu ya aina ya Megamos, baada ya Volkswagen kulalamika. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015. Tena kizuizi cha injini hakimzuii mtu kung'oa vioo vya pembeni wala kuiba kilichoachwa kwenye kiti. Lakini kwa mwizi wa kawaida mwenye bisibisi na koleo, bado ni ukuta.

Ukuta huo wenyewe wanaubomoa baadhi ya wenye magari. Wapo wanaokwepa gharama kwa kumwomba fundi aifunge chipu ya kweli kwa utepe nyuma ya swichi, ili gari liwashwe kwa ufunguo wowote wa kuchonga. Ni sawa na kumweka mlinzi getini, kisha kumwamuru aseme "ndiyo" kwa kila apitaye.

KINGA NI UFUNGUO WA PILI

Kila fundi atakuambia neno moja: tengeneza wa pili wakati wa kwanza upo. Gharama yake ni ndogo sana ikilinganishwa na kuanza upya bila ufunguo wowote, na gari halisimami hata siku moja. Anayenunua gari lililotumika adai funguo zote siku ya makabidhiano, na zikiwa pungufu, apunguze bei kwa kiasi cha kutengeneza nyingine na kuifuta ile isiyojulikana ilipo.

Ufunguo wa pili usitundikwe kwenye msumari mmoja na wa kwanza, wala usifungwe katika pete moja nao. Zaidi ya kwamba zitapotea pamoja, chipu mbili zikikaribiana kwenye swichi zinaweza kuingiliana na gari likakataa kuwaka. Mwenzako wa ndoa ajue ulipo. Kwa muoshaji wa magari au gereji, acha ufunguo kwa muda unaohitajika tu, na uupokee mwenyewe.

Na katika nyumba yenye watoto, msumari uwe juu, na desturi iwe moja: anayeingia na gari hatui mzigo wowote kabla ya kuutundika ufunguo.

KILICHOKUWA NDANI YA BUTI

Mwalimu wetu alipata ufunguo mpya siku ya kumi na moja. Kwa yote aliyolipa, kuanzia tupa ya kwanza hadi nyaya zilizounganishwa upya, angeweza kutengeneza funguo mbili za akiba na kubakiwa na chenji. Ufunguo wa zamani ulifutwa katika kumbukumbu.

Juma la tatu mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi uani palikuwa pamejaa maji, naye akaenda stoo kuchukua mabuti yake ya mpira. Alipoingiza mguu wa kulia, vidole viligusa kitu kigumu. Kitinda mimba wake, mwenye mwaka mmoja na nusu, ambaye siku hizo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuweka vitu ndani ya vitu, alisimama mlangoni akicheka na kupiga makofi.

Mwalimu alikwenda kwenye gari, akaujaribu. Ulifungua mlango. Taa nyekundu ikametameta, injini ikakataa. Aliniambia kwamba alikaa humo ndani kwa muda mrefu, mvua ikipiga juu ya bati la gari, akiutazama.

Jioni ile yeye na mkewe walikwenda Mbagala. Hawakutuma simu, wala hawakutuma mtu. Walipokewa na shangazi, mama mtu mzima, wakamwamkia, wakaketi mkekani. Mwalimu aliuweka ufunguo mbele yao, akasema ulipopatikana. Kisha akamgeukia yule msichana.

"Mwanangu, tulikukosea. Tulikukosea mbele ya watoto, na mbele ya watoto hao hao nitasema kwamba tulikukosea. Nakuomba radhi."

Mkewe alimkabidhi mshahara wa mwezi ule mzima, pamoja na siku alizokuwa hayupo. Shangazi alinyamaza kwa kitambo, halafu akasema kwamba fedha wamezipokea na radhi wameisikia, lakini kurudi ni shauri la mwenyewe.

Msichana hakurudi. Alikuwa amekwisha kuanza kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja jirani, na alipenda aendelee. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja Tabata kuwasalimu watoto, na kitinda mimba alimkimbilia mlangoni. Bibi, ambaye jicho lake moja lilikuwa bado limefungwa bandeji, alimshika mkono akamketisha karibu naye.

Siku hizi nyumba ile ina funguo mbili za gari. Mmoja uko kwenye msumari mpya, juu, pasipofikiwa na mtoto. Wa pili uko kabatini kwa mama. Ule wa zamani mwalimu amekataa kuuandikisha upya, ingawa fundi alimwambia inawezekana. Umetundikwa peke yake ukutani, juu ya meza anapofanyia kazi za shule, nao hauwashi kitu. Nilipomuuliza ni wa nini, alijibu kwamba ufunguo ukipotea fundi hukutengenezea mwingine, lakini hajapata kumsikia fundi anayemtengenezea mtu jina jingine.